Studio ya chumba kimoja Shangani, Mtwara: sauti safi, makaratasi sifuri

Prodyuza hapa ndiye mpiga biti, ndiye fundi miksi. Kwenye kurekodi, kazi anaijua. Maiki iko shubiri moja kutoka mdomoni, kichuja pumzi katikati, na sauti inagota kwenye desibeli -10 hivi. Ikigusa sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha kurekodi, inapasuka, na hakuna miksi ya kuitibu. Godoro limesimamishwa nyuma ya mwimbaji, ndiko maiki inakoangalia. Wengi hulibandika upande usio na faida. Feni huzimwa wakati wa kurekodi, kwa hiyo Novemba utatoka umelowa chapachapa. Nenda asubuhi. Msimu wa korosho foleni ni ndefu.

Besi ndiyo inayoisumbua studio hii. Chumba ni cha mraba, mawimbi yanarundikana pembeni, basi ndani unasikia besi nzito wakati kwenye simu haipo kabisa. Usimalizie malipo kabla ya kusikiliza miksi kwenye simu na kwenye redio ya gari.

Kasoro kubwa ni karatasi. Prodyuza akikutungia melodi ya kiitikio, huyo ni mtunzi mwenzio, si fundi tu. Asilimia za kila mtunzi ziandikwe siku hiyohiyo, jumla 100, wote msaini, kisha ndipo wimbo upelekwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukasajiliwe. Hapa hakuna anayekukumbusha. Dai pia traki mojamoja za WAV (faili la sauti lisilobanwa), ubora wa biti 24, zote zikianzia sekunde sifuri, maana MP3 ya WhatsApp haifanyiwi masta (usafishaji wa mwisho wa wimbo) ya maana.