TAHADHARI wadizaini wa kadi: hiyo fonti ya "kifahari" ya elfu 35 ni ya bure

Wadau wa kadi za harusi, sendofu na kichenipati, naombeni mnisome hadi mwisho maana msimu umechanganya na huyu jamaa anazidi kuvuna. Anapita kwenye magrupu ya wasap na picha ya kadi ya rangi ya maziwa, majina ya maharusi yameandikwa kwa herufi za kulala, zile zenye mstari mmoja mnene mwingine mwembamba kama uzi, anadai hiyo fonti (muundo wa herufi) kaichora mwenyewe, haipatikani popote, leseni ya maisha elfu 35 na ukilipa leo anakuongezea maua. Unatuma hela, unapewa zipu, ukiuliza swali la pili ushapigwa bloku.

Nimejuaje? Kuna dada tunamchapia kazi zake, alituletea faili analalamika majina yanatoka ya ajabu, tukaamua kuifungua hiyo fonti tuone kuna nini. Jamaa hajachora hata nukta! Bonyeza faili la ttf, yaani faili lenyewe la fonti, kwa kitufe cha kulia, nenda Properties halafu Details, utaona jina la juu kabadilisha kaweka la kwake la mahaba mahaba, ila kwenye haki miliki kasahau kufuta, imeandikwa Playfair Display. Hiyo ni kazi ya Claus Eggers Sørensen, ipo Google Fonts, maktaba ya fonti za bure mtandaoni, toka 2011, unaishusha bure na kadi unauza bila kudaiwa na mtu. Leseni yake, ile ya OFL (leseni huria ya fonti), inakuruhusu kuitumia, kuigawa, hata kuichezea, ila kuiuza peke yake kama fonti hairuhusu, na ukiibadilisha lazima ibaki chini ya OFL hiyohiyo. Sasa hiyo "leseni ya maisha" anayotuma jamaa ni karatasi kajaza mwenyewe na kimuhuri cha bluu juu.

Kilichoniudhi zaidi, hata italiki yenyewe ya Playfair, yaani herufi zake za kulala, hajatoa. Kachukua ile iliyosimama kailaza kwa mashine, basi. Ukitaka kumkamata angalia herufi a. Kwenye fonti iliyosimama a ina kikofia juu ya tumbo, kwenye italiki ya Playfair a ni ya mviringo na kamkia kama tunavyoandika kwa mkono, kwa sababu italiki huwa inachorwa upya herufi moja moja, hizi herufi zilianza kivyake kabisa, Aldus Manutius, mchapishaji wa Venice, alichapa kitabu kizima kwa italiki mwaka 1501. Ya jamaa a ina kikofia kilekile ila imeegemea upande kama mlevi ukutani. Na o unene wake umevutwa ukakaa hovyo, ukiikuza kwenye skrini unaona kabisa.

Halafu alama hakuhamisha zote. Mzee wa watu ana ng' kwenye jina la ukoo, kwenye kadi ritifaa (kile kialama cha ') haipo, kimetoka kiboksi. Kadi ya harusi hiyo, jina la baba wa bibi harusi! Kwa hiyo fonti yoyote kabla hujalipia mwambie muuzaji akuandikie ng'ombe, akuandikie 1,500,000/= na namba ya simu, akutumie picha. Akianza longolongo achana naye.

Wengine nasikia wanatumiwa faili la exe, yaani programu, eti la kuinstoli fonti. Hilo usiliguse, fonti huja kama ttf au otf.

Uongo mwingine ni kwamba "inafaa maandishi yote ya kadi". Hapana jamani. Hizi fonti za unene na wembamba zimetoka kwa wachapaji kina Didot wa Paris na Bodoni wa Parma miaka ya 1700 mwishoni, ule mstari mwembamba ndio uzuri wake na ndio ugonjwa wake. Majina ya maharusi makubwa katikati, safi sana. Ukishusha mpaka saizi 8 uandike namba za wanakamati kwa nyeupe juu ya damu ya mzee, wino unafunika ile mistari na mteja anakurudishia kadi zote. Ndio maana mchora fonti Jonathan Hoefler alipowachorea jarida la Harper's Bazaar fonti yao ya Didot miaka ya 1990 alitengeneza matoleo tofauti kwa saizi tofauti, dogo lina mistari iliyonenepeshwa. Kama unataka kitu cha hivyo bila kulipa chukua Bodoni Moda, ipo hukohuko Google Fonts, ina italiki yake halali na inajirekebisha unene wa mistari toka saizi 6 mpaka 96 kama programu yako inakubali. Maelezo madogo wekeni fonti ya kawaida isiyo na mbwembwe. Kama karatasi ina mikwaruzo au unapiga dhahabu, chapa moja kwanza uione kwa macho, msiamini skrini.

Namba yake siiweki hapa maana anabadilisha laini kila mara, mtamjua kwa ile kadi ya rangi ya maziwa na maneno "leseni ya maisha". Kama ushamtumia hela usifute meseji wala ujumbe wa muamala, wapigie huduma kwa wateja wa mtandao wako haraka kabla hajatoa, na namba yake itume kwenda 15040.