Picha 42 za Nasser Road, na mwembe ulioingia sebuleni

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza: katika duka la kusafisha picha la Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala, picha ya inchi 4 kwa 6 ni shilingi 1,000 za Uganda. Nilisafisha picha 42, tena mara mbili. Ninayoisifu ni ile mara ya pili.

Mimi mzaliwa wa Tanga, huu mwaka wa tisa niko Entebbe nafundisha Kiswahili. Sebule yetu ina dirisha moja kubwa linalotazama mwembe, na nyuma ya mwembe kuna kipande cha ziwa. Tangu tuhamie nimekuwa nikihangaika kuipiga picha. Mwanga ukiupimia sebuleni, dirisha linabaki jeupe kama karatasi. Ukiupimia kwenye mwembe, kochi na kabati vinazama gizani. Jicho langu linaviona vyote kwa pamoja, simu haiwezi. Basi nikaiga ujanja wa David Hockney, msanii Mwingereza aliyekuwa akipiga picha nyingi za Polaroid, zile zinazotoka papo hapo kwenye kamera, za mahali pamoja miaka ya 1980, kisha akazipanga zikawa chumba kizima.

Nikapiga kipande kipande: stuli, vitambaa vya kochi, feni, sufuria iliyosahaulika mezani. Halafu nikatoka nje kuufuata mwembe, tawi baada ya tawi. Hapa jirani na ikweta jua halisubiri mtu. Ikifika saa nne vivuli vimeshahama na kufupika, kwa hiyo kazi ikanila asubuhi mbili. Tumbili mmoja alihama tawi kila nilipobonyeza. Katika kolaji, yaani picha hiyo ya vipande vilivyounganishwa, wako wanne.

Duka liko ghorofa ya pili, ngazi zimejaa marobota ya kalenda na kadi za kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba. Kijana wa mashine alinipokea kwa "nyabo", yaani "bibi" kwa Kiganda, picha zikawa tayari baada ya saa moja. Nilipozitandaza mkekani nyumbani, ukuta wangu mmoja ulikuwa na rangi saba! Mashine yao inairekebisha kila picha peke yake. Ikikuta picha iliyojaa majani inadhani kijani kimezidi, inakipunguza, majani yanaelekea kuwa kahawia. Ikikuta kabati jeusi inalipa mwanga hadi linapauka. Kwa picha za harusi hilo si neno, nyuso zinatoka vizuri. Kwa mtu anayetaka vipande 42 viungane, ni balaa.

Nikapanda matatu kurudi Kampala nimeshafura. Yule kijana akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa Kiswahili cha kambini, kumbe baba yake alikuwa mwanajeshi: "Mwalimu, ungesema mapema. Hiyo kitu inazimwa." Akaizima. Akatoa tatu za majaribio, tukaziweka sambamba juu ya kaunta, ukuta ukawa ukuta mmoja. Awamu hiyo alinitoza nusu bei. Mimi nadhani wao ndio walipaswa kuuliza, lakini nusu nayo ni uungwana.

Chagua karatasi isiyong'aa. Kolaji yangu inaning'inia mkabala na dirisha lenyewe, na ile inayong'aa ingekuwa kioo tu. Kasoro iliyobaki ni ukataji: kingo nyeupe zinatoka upande huu nene, upande ule nyembamba. Nilizikata upya kwa wembe na rula, jioni nzima. Na ushauri wao wa gundi nyeupe ya maremala usiufuate. Karatasi ilijikunja kama chapati. Gundi ya utepe, ile yenye kunata pande mbili, juu ya plaiwudi, imeshika vizuri hadi leo licha ya unyevu wa ziwa.

Sasa tawi linaanzia nje, linapita kwenye fremu ya dirisha na kuishia juu ya feni. Tumbili wa tatu kakaa karibu kabisa na sufuria. Jirani yangu alipoingia alitazama kwanza kabati halisi, kuhakikisha.

Ukienda, beba picha kwenye flashi. Ukizituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida zinafika zimepungua ubora, na majani ya mbali yanageuka uji. Jumapili wamefunga.