Habasoda: ununue ipi kati ya mbegu, mafuta, kapsuli, unga na ile ya asali?

Ukiingia duka la dawa za asili Kariakoo au ukapita Darajani pale Unguja ukaulizia habasoda, zile mbegu ndogo nyeusi za dawa, utaletewa mbegu zenyewe, unga, mafuta, kapsuli na makopo ya asali yenye rangi ya lami, na muuzaji atakuapia vyote ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Mimi nimezipanga kwa kigezo kimoja tu: wewe mwenyewe unaweza kuhakikisha nini kabla hujatoa hela yako.

Ila kwanza tuwekane sawa kuhusu kazi yake. Waislamu tunaijua ile hadithi kwamba habasoda ni dawa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti, na wauzaji wanaitumia kuuza hadi visivyouzika, lakini wanavyuoni wa zamani kama al-Khattabi walishasema tamko hilo ni la jumla na lililokusudiwa ni maradhi maalumu. Upande wa maabara, kiambato chake kinachofuatiliwa zaidi kinaitwa thaimokwinoni, na majaribio kwa binadamu yameonyesha inaweza kushusha kidogo sukari, presha na kolesteroli. Kidogo, jamani. Mengi ya majaribio hayo ni ya watu wachache na ya wiki kadhaa tu, tena wagonjwa wengi humo walikuwa wanaendelea na dawa zao za hospitali, kwa hiyo anayekuambia uache metformini (dawa ya kisukari) au ARV ukanywe habasoda huyo mkimbie.

Namba moja kwangu ni mbegu nzima, na wala hakuna ushindani. Ni bei chee, inakaa muda mrefu, na unaweza kuikagua kwa macho, pua na meno. Habasoda ya kweli ni nyeusi isiyong'aa sana, ina pembepembe kama tatu hivi na ngozi ya mikwaruzo, ukiivunja ndani ni nyeupe. Tafuna punje chache: uchungu kwanza, halafu ukali wa pilipili manga kwa mbali, na harufu inapanda puani. Ukikuta mbegu bapa, laini, yenye umbo la tone la machozi na ladha ya karanga, hiyo ni ufuta mweusi, ni chakula kizuri tu lakini siyo ulichokuja kununua. Ya kuogopa zaidi ni mbegu za vitunguu, maana kwa macho zinafanana sana na habasoda na kuna watu wanachanganya hata majina, na zile za dukani za kupanda mara nyingi zimepakwa dawa ya kuua fangasi. Zisage kidogo kwenye vidole unuse, na kama muuzaji hataki uonje basi nenda duka la pili, Kariakoo haijaisha maduka.

Watauliza ya nchi gani ni bora, ya Ethiopia, India, Misri au Syria? Ya Ethiopia, kwao wanaiita tikur azmud na wanaitia kwenye berbere, yaani mchanganyiko wao wa viungo, ni nzuri sana ikiwa mpya, lakini mbegu ya Ethiopia iliyokaa stoo miaka inashindwa na ya India iliyovunwa juzi. Nunua kwa harufu, jina la nchi baadaye. Nyumbani weka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, mbali na jiko, usage ya kutumia siku chache tu.

Namba mbili ni mafuta, kwa masharti. Yawe yamekamuliwa bila moto, chupa ya kioo cheusi au kahawia, kwenye lebo kiambato kiwe kimoja tu, na tarehe ya kuisha iwepo. Mafuta halisi yana rangi ya kahawia iliyoiva na yanawasha kooni. Ukionja yakateleza kama ya alizeti basi huenda ni alizeti kweli, maana kilo ya mbegu inatoa mafuta kama theluthi moja tu na ukamuaji wenyewe una gharama, sasa mtu anayekuuzia lita kwa bei ya mafuta ya kupikia anakuuzia nini? Chupa nyeupe za plastiki zilizoanikwa juani barabarani achana nazo. Na ukitaka kupaka kwenye ngozi jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono usubiri siku nzima, kuna watu inawababua vibaya.

Kapsuli naziweka namba tatu, zinafaa kwa asiyeweza ule uchungu. Hapo soma gramu, usisome picha ya ngamia. Kwenye majaribio ya unga wengi walipewa kama gramu 1 mpaka 3 kwa siku, kijiko cha chai cha mbegu kinakaribia huko, kwa hiyo kapsuli za miligramu 500 unahitaji 2 kufikia gramu moja, piga hesabu kopo litakutosha siku ngapi ndiyo ulinganishe bei. Angalia pia kama imesajiliwa na mamlaka ya nchi yako.

Unga uliosagwa tayari sinunui. Hujui umesagwa lini, umesagwa na nini, na harufu yote imeshaondoka. Blenda ipo nyumbani.

Wa mwisho ni mchanganyiko wa asali na "mitishamba 40". Sukari ni nyingi, habasoda ni ya kuhesabu, na kwenye dawa za mitishamba za aina hii sehemu mbalimbali duniani zimeshakamatwa zilizotiwa dawa za hospitali kimyakimya, hasa zile za nguvu za kiume na za maumivu ya viungo. Mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa, hata ya kulamba.

Sasa nani asinywe bila kumuuliza daktari. Mjamzito, kuitia kwenye mkate au achari haina shida ila dozi ya dawa aiache. Anayetumia dawa za sukari au presha, kwa sababu zikijumlika anaweza kushuka ghafla mpaka akaanguka. Anayetumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Mwenye shida ya figo. Na ukiwa na oparesheni acha wiki 2 kabla, halafu umwambie daktari ulikuwa unaitumia, wengi wanaficha kwa kuogopa kugombezwa wakati yeye anahitaji kujua tu damu yako itagandaje mezani.