Mizani ya kombaini ya ploti: uzito nauamini, unyevu naukagua

Mfumo ninaoutumia kuvunia majaribio ya ngano na mahindi una ndoo ya kupimia inayokaa juu ya vihisi uzito, chumba kidogo cha kupima unyevu, na tableti mbele ya dereva. Ploti (kipande kidogo cha shamba kilichopandwa aina moja ya mbegu) ikiisha, kombaini inasimama, punje zinamiminika ndooni, tarakimu zinaingia kwenye ramani ya jaribio, kisha mlango wa chini unafunguka. Habari ya mifuko na lebo kuchanika imekwisha.

Uzito hauna shida. Asubuhi naweka jiwe la kilo 10 ndooni mara tatu. Likipishana kwa zaidi ya gramu 50, sivuni. Mara nyingi ni makapi yaliyojibana kati ya ndoo na fremu, hivyo fremu inabeba sehemu ya mzigo. Brashi na hewa ya kompresa vinatosha. Usisawazishe mizani kwenye programu kabla ya kusafisha, maana utakuwa umeifundisha uongo. Kwenye ploti ya mita 1.5 kwa 10, kosa la gramu 100 ni kilo 67 kwa hekta.

Kinachoharibu data hasa ni punje zilizobaki njiani, kwenye chekeche na lifti. Ukifunga kipimo mapema, mavuno ya aina moja yanahesabiwa kwa aina inayofuata. Mashine yangu ilikuja imepangwa kusubiri sekunde 6. Kwa ngano kavu sawa. Kwa mahindi yenye unyevu wa 22% nimeweka 12. Jaribu hivi: vuna ploti, subiri muda uliopangwa, mwaga ndoo, kisha iache mashine izunguke tupu dakika moja na upime kilichoingia ndooni. Kikizidi gramu 50, ongeza sekunde.

Unyevu ndio udhaifu wake. Chumba kisipojaa, kama kwenye ploti zilizopigwa na ukame, usomaji hauaminiki, na programu haikupi onyo lolote. Na mavuno yote yanarekebishwa kwa namba hiyo: kilo 9.6 zenye unyevu wa 16.2%, zikipelekwa kwenye unyevu wa kulinganishia wa 13%, ni 9.6 × 83.8 ÷ 87, yaani kilo 9.25, kwa mita za mraba 15 ni tani 6.16 kwa hekta. Unyevu ukikosewa kwa asilimia moja tu, kilo 74 hivi kwa hekta zinapotea au zinazuka. Kila ploti ya kumi nachukua sampuli ya kupima kwa kipima unyevu cha mkononi.

Upepo mkali nao unaitikisa ndoo. Geuza kombaini au funika.

Halafu ramani. Programu inafuata njia ya nyoka (mstari mmoja kwenda, unaofuata kurudi), na ukianzia kona isiyo yake kila ploti inapata jina la jirani bila kosa lolote kuonekana kwenye skrini. Mwisho wa kila mstari nalinganisha namba ya kwenye kigingi na ya kwenye tableti, kwa macho, kabla ya kugeuza.