Digrii ya mtandaoni ukiwa Lubumbashi: fani kuu, mchepuo au fani ndogo, ulipie kipi?

Digrii ya kwanza ya Marekani kwa kawaida ina kredi 120 (kredi ni kipimo cha kiasi cha masomo), na vyuo vingi vya mtandaoni hutoza kwa kila kredi. Kwa hiyo kuchagua fani ni kuchagua bili. Kwenye kurasa zao utakutana na maneno matatu. Major ni fani kuu, mara nyingi kredi 30 hadi 50. Minor ni fani ndogo ya uwanja mwingine, kredi 15 hadi 20 hivi. Concentration ni mchepuo: masomo machache yaliyomo ndani ya fani kuu yenyewe, yanayokuelekeza kwenye kazi fulani.

Kredi hizo 120 usizipime na 180 za licence yetu, digrii ya kwanza ya mfumo wa LMD (licence, master, doctorat). Huku mwaka mzima ni kredi 60, kule ni 30. Kwao ni miaka minne, kwetu mitatu.

Ninayoiweka ya kwanza ni fani kuu pana yenye mchepuo. Mara nyingi mchepuo hauongezi kredi, kwa sababu unachukua nafasi ambazo ungezijaza kwa masomo mengine ya fani hiyohiyo. Kwa mtu wa Lubumbashi, usimamizi wa biashara wenye mchepuo wa lojistiki una maana kubwa: shaba na kobalti ya Katanga inavuka mpaka wa Kasumbalesa kuelekea bandari za Durban na Dar es Salaam, na mtu anayeelewa ugavi ana mahali pa kupeleka barua yake ya kuomba kazi. Lakini uangalie mchepuo unafundisha sheria za nani. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012, na hesabu za kampuni hapa hufuata mfumo wake. Mchepuo wa kodi wa chuo cha Marekani utakufundisha kodi za Marekani. Utafaulu mitihani yote, kisha ofisi ya hapa mjini ikuanzishe upya. Mchepuo wa namna hiyo sikushauri hata ukiwa wa bei nafuu. Uliza pia kama jina la mchepuo litaandikwa kwenye diploma au kwenye releve ya alama tu, maana mwajiri wako atataka kuliona.

Ya pili ni fani kuu peke yake, ukitumia kredi za hiari, yaani za masomo unayojichagulia, kwa akili: takwimu, uandishi wa Kiingereza, programu za kompyuta. Hupati jina la ziada, lakini ujuzi unaupata.

Fani ndogo naiweka ya tatu, ingawa wauzaji wa vyuo wanaisifu sana. Ikiingia kwenye kredi za hiari, haikugharimu kitu, ichukue. Isipoingia, tuseme ni kredi 18 kwa dola 200 kila moja: hizo ni dola 3,600 juu ya karo. Kwa pesa hiyo iwe fani inayofungua mlango ambao fani kuu haiufungui, kama data kwa mhasibu.

Fani kuu mbili ni ya mwisho. Kwa mtu anayefanya kazi mchana na kununua mega za intaneti kila wiki, muda unarefuka mno.

Kabla ya kutuma senti moja, omba orodha kamili ya masomo na uhesabu mwenyewe, hakikisha chuo kina ithibati inayotambuliwa nchini kwake, na uulize wizara ya ESU (elimu ya juu na vyuo vikuu) kuhusu ekivalansi ya diploma hiyo, yaani kutambuliwa kuwa sawa na ya hapa. Uliza pia kama masomo ya mchepuo yana vipindi vya moja kwa moja. Kipindi cha saa mbili usiku New York, kule kukiwa majira ya baridi, kinakukuta Lubumbashi saa tisa usiku. Ukijibiwa hivyo na una kazi asubuhi, tafuta programu ambayo video zake unazitazama kwa muda wako.