PRAW au requests tupu: data za Reddit uzivute na ipi?
Kama unaandika Python na unataka kuvuta posti na komenti za Reddit, mi nakwambia anza na PRAW, maktaba ya Python iliyotengenezwa kwa ajili ya Reddit. Unaipa client_id, client_secret na user_agent (vitambulisho vya app yako kwa Reddit), basi, unaanza kusoma, na limiti ya rikwesti inajihesabia yenyewe, ikiona unakaribia kuvuka inatulia kidogo ndo inaendelea. Ukitumia requests tupu, ile maktaba ya Python ya kutuma rikwesti za wavuti kwa jumla, kazi yote hiyo ni yako: kuomba tokeni (ufunguo wa muda wa kuingilia), kuiomba tena ikiisha muda, kusoma X-Ratelimit-Remaining (rikwesti ulizobakiza) kwenye heda za jibu, halafu kufuata "after", alama ya ukurasa unaofuata, kurasa kwa kurasa maana kila rikwesti inakupa posti 100 mwisho.

Kwenye komenti ndo utaiona tofauti yenyewe. PRAW ina replace_more(), ukiweka limit=0 inaziacha zile komenti zilizofichwa, ukiweka None inazifungua zote ila thredi ikiwa kubwa utasubiri mpaka uchoke. Kwa requests uiandike hiyo mwenyewe, loh!

Requests inashinda ukitaka JSON ghafi, yaani data kama Reddit inavyozituma. Ila usijidanganye, ukomo wa posti kama 1000 kwa listi moja uko palepale kote kote, huo ni wa Reddit wenyewe.