TAHADHARI: Betri za kamera zilizoandikwa 9900mAh, msitoe pesa zenu

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Naomba msome mpaka chini, khasa nyie wenye mashamba au nyumba zisizolala mtu, maana yashanifika mie na sitaki yamfike mwengine, na msimu wa karafuu ukiingia najua watu wengi wataanza kutafuta kamera.

Mie nipo Wete, Pemba. Shamba letu liko ndani huko na umeme haujafika kwenye uwanja wa kuanikia. Msimu uliopita tuliibiwa magunia mawili ya karafuu kavu, tushazipeta, bado kupeleka kituo cha kuuzia karafuu tu, mdogo wangu aliyekuwa analinda kaenda kula kurudi hazipo. Tumelia jamani. Ndo nikaona tangazo insta, muuzaji anasema yuko mjini Unguja, kamera ya sola haitaki waya, unatia laini ya simu na bando unaangalia shamba ukiwa nyumbani, betri sita ndani kila moja 9900mAh (hicho ndo kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuubeba), "unafunga unasahau mwaka mzima". Laki moja na elfu themanini na tano. Nikamuuliza wasap kaka una hakika hizo betri, akanijibu vizuri kabisa dada usiwe na wasiwasi, kanitumia na video kamera inamwagiwa maji kwenye ndoo. Nikatuma pesa zote kwa simu, mzigo ukaja na boti, wa kweli, si kwamba hakuleta kitu. Na hapo ndo mtego ulipo, maana ukiona mzigo umefika na kamera inawaka unajua umeuziwa na mtu mwaminifu.

Tumeichaji siku nzima mpaka taa ikawa kijani, tukaifunga kwenye mnazi. Usiku wa kwanza ikafanya kazi. Usiku wa pili saa nane ikazima.

Nikampigia, akasema ni mawingu, paneli haikupata jua. Nikangoja wiki nzima ya jua kali, ikawa vilevile, usiku mmoja na nusu imekufa. Nikampigia tena, akasema basi betri zako zimepata unyevu wa bahari njiani, nikuletee nyengine orijino kabisa elfu kumi na tano moja, nikachukua nne. Elfu sitini nyengine hiyo! Zikaja, zina kava jengine rangi ya dhahabu, 9900 ileile. Mambo yaleyale.

Sasa nikwambieni nilichokuja kukijua, maana hapa ndo muhimu kuliko hizo pesa zangu.

Mtoto wa dada yangu ni fundi simu Chake Chake. Alipoziona tu akasema mama mdogo hizi uongo mtupu. Hizi betri za duara zinazotiwa kwenye kamera nyingi za sola, zilezile za tochi na powabenki, zinaitwa 18650, maana yake upana milimita 18 na urefu milimita 65. Katika umbo hilo hakuna kiwanda chochote duniani kinachoweza kutia 9900. Panasonic, Samsung, LG, wote hao betri zao nzuri za saizi hii nyingi zipo kati ya 2500 na 3500, na hata zile za juu kabisa hazifiki 5000. Kwa hivo ukiona 6800, 8800, 9900, 12000 imeandikwa kwenye betri ya saizi ile, huna haja ya kupima wala kuuliza fundi, namba yenyewe ndo ushahidi wa wizi. Na jina la kampuni kubwa kwenye kava pia lisikudanganye, kava linachapishwa na mtu yeyote.

Yeye anayo chaja yenye skrini, inaijaza betri halafu inaimaliza polepole huku inahesabu kilichotoka. Kazipima zile sita za mwanzo moja moja, ilichukua siku kadhaa. Ya juu ilitoa 812, ya chini 641. Zote sita ukizijumlisha 4,340. Simu yangu hii ninayoandikia ina betri ya 5000! Yaani nimeuziwa 59,400 kwa maandishi, nikapewa chini ya betri moja ya simu. Na kamera ya laini inakula moto kuliko ya waifai kwa sababu inatafuta mnara wakati wote, na shamba kwetu mtandao wenyewe ni mstari mmoja au miwili, sasa betri hiyo itafika wapi.

Halafu tukazipeleka kwa sonara tukamuomba mizani yake ya dhahabu. Betri yangu gramu 27. Tukaweka na moja iliyotolewa kwenye laptop mbovu, saizi ileile, gramu 46. Sonara mwenyewe kashangaa. Betri ya kweli ya 18650 haipungui sana gramu 45, ikija chini ya 40 ujue ndani mna kijibetri kidogo na nafasi iliyobaki imejazwa unga au kitu cha kudanganyia uzito. Moja yangu kava lilikuwa limechanika kidogo pembeni, tulipovuta chini yake tukakuta kava jengine limeandikwa 1200. Tafadhalini msizipasue kutazama ndani, betri ya lithiamu ukiitoboa inaweza kuwaka moto hapohapo na moshi wake ni sumu. Wala msizitie jaani pale mnapochoma taka.

Nataka niseme haki. Kamera nyingi za betri hazirikodi usiku kucha, zinalala mpaka kile kijicho cha joto kione mtu au mnyama kapita ndo zinaamka. Kwa hivo ukiielekeza njiani wanakopita kuku na mbuzi na watoto itaamka mara mia na betri itakwisha mapema, hilo si kosa la muuzaji. Mie hilo nililiangalia, niliigeuza, nikaipunguza ukali, haikusaidia kitu. Lakini anayekwambia "inarikodi masaa 24 kwa betri mwaka mzima" huyo anakuongopea mchana kweupe.

Na paneli nayo. Imeandikwa wati 10, tumeipima kwa rula sentimita 11 kwa 15. Jua kali kabisa la saa sita mchana linaleta kama wati elfu moja kwenye mita mraba moja, na paneli nzuri inachukua kama sehemu moja ya tano tu ya hiyo. Pigeni hesabu wenyewe, yangu inatoa kama wati 3 hivi ikiwa safi na imeelekea jua sawasawa. Wati 10 za kweli paneli yake inakaribia ukubwa wa karatasi ya A4.

Kuna shoga yangu Fuoni naye kapatwa kwa muuzaji huyohuyo, kwa njia nyengine. Kamera yake inatumia vile vibetri vifupi vinene, CR123A, vya volti 3 visivyochajiwa. Kamuuzia vya kuchaji, saizi ileile, vinaingia sawasawa, lakini vikijaa vinafika volti 4.2 na kamera haikutengenezwa kwa hizo. Imekufa kabisa. Na kinyume chake ni hatari zaidi, ukichukua CR123A ya kawaida ukaitia kwenye chaja inaweza kuripuka. Angalieni kitabu cha kamera kinataka betri gani, msimsikilize muuzaji.

Nilipomtumia yule muuzaji picha ya mizani na ya ile chaja akanambia ntume elfu thelathini ya boti na "gharama za kubadilisha" ndo anletee mpya. Nikakataa. Hapohapo kanibloki, na ule ukurasa wa insta umebadilishwa jina, picha na zile video ni zilezile, ya ndoo ipo. Jina sitaji hapa kwa sababu kesho atakuwa na jengine, ila mkiona 9900 na ndoo ya maji piteni mbali.

Ukitaka kununua, nenda dukani kwa miguu, Darajani au Mlandege mjini Unguja au hapa Chake Chake, mwambie akufungulie betri uzione kabla hujatoa pesa, soma namba, chukua mizani hata ya jikoni zile za kidijitali. Akikataa kufungua, ondoka. Dai risiti yenye jina la duka na iandikwe betri za ngapi, mie sina risiti, nina meseji za wasap na ujumbe wa kutuma pesa tu.

Hizo meseji nazipeleka Tume ya Ushindani Halali wa Biashara nikienda mjini, na shoga yangu wa Fuoni anakuja na zake. Kama na wewe umeuziwa hizi njoo inboksi na skrinshoti zako, usiandike namba ya mtu kwenye komenti. Na usiitupe betri, ifunge gundi ya karatasi kwenye ncha zote mbili uiweke kwenye kopo kavu mbali na jiko, tutaihitaji kuonesha.